Pikapu Inayorudi Imeshiba

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu amenunua pikapu ya umeme inayojiendesha yenyewe! Nyeupe, milango minne, na nyuma trei zetu zote za mikate zinaingia na nafasi inabaki. Mtaa mzima umetoka nje kuangalia, na wale waliojifanya hawaoni, nimewaona.

Haya, sasa nisalimie. Wajukuu zangu mtakaosoma hapa siku moja, hamjambo. Mimi ni bibi yenu mwoka mikate. Nimeishia darasa la saba, lakini mwalimu wangu alikuwa akinyanyua daftari langu juu ili darasa zima lione mwandiko ulivyo. Naandika kwa sababu jambo kubwa kama hili likiachwa mdomoni mwa watu litapunguzwa.

Mwenye gari ni kijana wangu wa kwanza. Wanamwita Nusu kwa kuwa alizaliwa mdogo kama nusu mkate, na kusema kweli hakuongezeka sana. Lakini akili aliyonayo haipo mtaa huu wala wa pili. Gari si jipya, lilikuwa na mwenyewe kabla yetu, na pale dukani muuzaji akataka ada nyingine, eti ya kufuta kumbukumbu za mwenye gari wa kwanza.

Nikamuuliza, "Gari lina kumbukumbu gani, baba? Limesoma shule ipi?"

Watu walicheka mpaka mlinzi wa mlangoni. Nusu akanivuta mkono, "Mama, ni programu hiyo, tulipe tu yaishe." Nikasema hatulipi. Na hatukulipa. Kwenye bei mimi siyumbi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Gari halina sauti kabisa, kuku wa jirani kaponea chupuchupu.

Jumamosi, 9 Machi

Niwaeleze tunavyoishi, maana sisi waoka mikate tunakwenda kinyume na watu. Watu wakiwa wamelala sisi tumeshawasha tanuri. Nusu anatoka na mikate ya moto, anazunguka maduka yote, saa sita mchana amerudi. Tukishakula, saa saba nyumba nzima inalala kama imenyweshwa dawa: mimi, Nusu na mdogo wake wa kike anayekanda unga. Tunaamka saa kumi. Ukija kwetu saa nane mchana unaweza kung'oa mlango ukaondoka nao.

Gari letu la zamani lilikuwa linabugia dizeli kama mlevi aliyelipiwa. Hili linachomekwa ukutani kama pasi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, shoga yangu wa siku nyingi, amekuja kuuliza huku anajifanya anaangalia mawingu.

"Hilo linakula nini kwa siku?"

"Halili, shoga. Linanusa tu."

"Na betri ikifa?"

"Wewe omba cherehani yako isife."

Tumecheka sana. Lakini nilimwona anapiga hesabu kichwani.

Alhamisi, 14 Machi

Binti yangu ndiye anayesoma mita. Anasema wiki hii gari limekula umeme kidogo kuliko pasi. Nimemwambia asome tena. Amesoma tena. Nusu anarudi mchana betri ikiwa nusu, anaegesha uani, tunalala. Tukiamka imejaa. Waya wa kuchajia uko pale pale ukutani, umekunjwa, haujaguswa.

Nusu anakuna kichwa. Mimi nimekwenda kuwasimulia watu sokoni.

Jumamosi, 16 Machi

Asubuhi Nusu amepanda gari, miguu haikufika chini. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, kama alikikalia mtu mwenye miguu ya ngazi.

"Nani amekaa hapa?"

"Labda umepungua," mdogo wake akamjibu.

Tulicheka, yeye hakucheka. Humu ndani hakuna mtu mrefu. Hata marehemu baba yao alikuwa ananifika hapa begani.

Jumatano, 20 Machi

Mvua wiki nzima. Barabara imekuwa uji wa matope na magari yote ya mtaani yamepakwa mpaka madirishani. Letu jeupe pe. Nimepitisha kidole kwenye bodi, kimetoka safi. Nikaingiza kichwa ndani. Linanuka sabuni ya kufulia, na sisi hatutumii sabuni ya harufu ile.

Fundi cherehani kaniita toka barazani kwake, "Huyo kijana wako ana bidii, kuosha gari kwenye mvua!"

Nikasema ndiyo, nimemlea hivyo.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Sasa kila asubuhi kiti kiko nyuma.

Jumanne, 26 Machi

Fundi cherehani amevuka barabara bila mwavuli. Huyu mtu hata mkono wake hapendi ulowe, nikajua kuna jambo.

"Shoga, jana saa saba nimeliona gari lako linatoka. Nikampungia Nusu mkono. Hakunipungia."

"Alikuwa amelala."

"Ndiyo nakwambia. Halikuwa na mtu ndani."

Nikamwambia macho ya kutunga sindano yana mwisho wake. Akaniangalia tu, hakurudisha utani, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Siku zote anarudisha.

Jumatano, 27 Machi

Leo sikulala. Nimekaa jikoni nyuma ya pazia na bakuli la unga mapajani, nikijifanya nachekecha. Nusu anakoroma chumbani kwake, namsikia. Mtaa mzima kimya, mvua ya rasharasha, hata mbwa hakuna.

Saa saba taa za gari zikawaka. Halafu kiti, wajukuu zangu, kile kiti kikaanza kurudi nyuma chenyewe. Polepole, kwa adabu, kama mtu anamsogezea mkubwa wake. Kikafika mwisho kikatulia. Gari likarudi nyuma, likauzungukia mti wa mpapai bila kuugusa, likafika barabarani, likawasha indiketa ya kulia. Barabara haikuwa na kiumbe. Lilikuwa linamwashia nani? Likangoja kidogo, likaenda.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Unga wote ulikuwa chini na miguu yangu myeupe.

Saa kumi kasoro likarudi, limeoshwa, betri imejaa pomoni. Na kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na sweta la kiume la kijivu, limefumwa kwa mkono, limekunjwa vizuri, na mikono yake mirefu ajabu. Nani anakunja nguo hivyo? Nilijua hapo hapo. Ni kazi ya mikono ya mama wa mtu.

Alhamisi, 28 Machi

Nimemwambia Nusu. Kwanza nilimshika kooni nikidhani ana mwanamke, na aliyekunja sweta ni mama mkwe.

"Mama, ningekuwa na mwanamke ningemtumia gari lisilo na dereva?"

Ni kweli, akili anayo. Akataka kuwapigia simu dukani waje walitazame. Hapo ndipo nikafanya hesabu yangu. Gari linatoka lenyewe, linakula kwa watu wengine, linaoshwa bure, linarudi kwa wakati. Nimlipe fundi ili aje kuniongezea matumizi?

Nikasema, "Liache. Kama kuna mtu anapenda kulisha gari la mwenzake, sisi ni nani wa kumkataza?"

Nusu akasema, "Mama, hii haijakaa vizuri." Binti yangu akasema hivyo hivyo. Nikawaambia siku watakapokuwa wanalipa wao ndiyo watasema.

Jumatatu, 1 Aprili

Mita haikusogea. Sikwenda kumsimulia mtu.

Alhamisi, 4 Aprili

Baridi imezidi. Nusu amerudi amevaa lile sweta. Mikono imepita vidole kabisa.

"Livue hilo."

"Lina joto, mama."

"Hujui la nani."

"Lilikuwa kwenye gari langu," akasema, akaenda kulala nalo. Kijana wangu hajawahi kunijibu akiwa amenipa mgongo.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua na radi. Gari limetoka, limerudi. Nimezoea, na kuzoea huku kunanitisha kuliko lenyewe.

Jumatatu, 8 Aprili

Nusu anatetemeka. Nimemwambia apumzike, akasema maduka yanangoja. Anatoka jasho huku anasema baridi.

Jumanne, 9 Aprili

Leo yamenikuta. Naandika kwa kalamu na karatasi za kuazima, mnisamehe mwandiko.

Saa tano Nusu alipiga simu. Sauti ndogo. "Mama, nimemaliza duka la mwisho. Kichwa kinapasuka. Nalala kidogo humu ndani ya gari, kisha linilete." Nikamwambia lala baba, ukiamka njoo. Nilisema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wangu. Saa saba hajafika. Napiga simu, haipatikani. Saa nane, haipatikani. Binti yangu akaniangalia, mimi nikamwangalia. Sote tulikuwa tunajua gari linakwenda wapi saa saba: linakwenda kusikojulikana.

Nikatoka mbio na kanga moja. Fundi cherehani alinikimbilia na koti lake, akanisimamishia pikipiki. Nikamwambia dereva wa pikipiki natafuta pikapu nyeupe ya umeme.

"Ile isiyo na mtu?" akaniuliza.

"Unaijua?"

"Mama, huko kilimani sote tunaijua. Tukiiona tunaipisha. Inakwenda kwa Mama Twiga. Tulidhani wenyewe mnajua."

Njia nzima nilikuwa nasema na Mungu, na dereva akaitikia amina bila kuambiwa.

Nyumba iko juu kabisa, peke yake, bati limejaa paneli za jua, uani kibanda cha gari kimefagiliwa. Gari letu lilikuwa humo, waya umetoka dirishani na kulichomeka, kama mtoto anayenyonya. Milango wazi. Kiti nyuma mpaka mwisho. Nusu hayumo.

Nikapiga hodi nikiwa nimeshaingia. Chumba cha kwanza hakuna mtu. Cha pili kina kitanda kirefu, na kitandani mwanangu amevaa fulana ya mtu mwingine inayomfika magotini, macho yamefumba. Pembeni amekaa mama mmoja mkubwa kuliko mimi, kilemba safi, anamkanda paji la uso kwa kitambaa. Akaniinulia kidole.

"Karibu, mgeni. Sema polepole. Twiga amelala."

"Huyo si Twiga!" Nilisema kwa sauti niliyoitafuta tangu siku ile jikoni. "Huyo ni Nusu. Nimemzaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili, mwulize mkunga!"

Hakukasirika. "Najua, mwenzangu. Macho ninayo. Twiga wangu miguu ilikuwa inatoka nje ya kitanda hiki mpaka tukaweka stuli. Huyu wako hata katikati hafiki."

"Sasa kwa nini unamwita Twiga?"

"Kwa sababu anaitika."

Akamwinamia. "Twiga."

Na mwanangu, macho yamefumba, akasema, "Naam, mama."

Nikamwita mimi. Nusu. Nusu, baba. Nikamwita kwa jina nililompa, lile ambalo tunalijua mimi na marehemu tu. Kimya. Alikuwa anapumua kwa nguvu, uso umeelekea kwa yule mama. Nikakaa sakafuni.

Alinipa maji. Akanieleza kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Mwanawe alikuwa analala mbali kikazi, alipatwa na homa huko, akafa siku ya tano, na baba zake wadogo wakauza gari kulipa hospitali. Yeye akabaki na simu, ile Twiga aliyoiunganisha na gari. Twiga alikuwa amemfundisha kitufe kimoja tu: mama, ukikwama bonyeza hapa, nakuja. Basi baada ya msiba akawa anabonyeza kila siku akishakula, saa saba. Hakuna kitu. Akabonyeza miezi. Halafu siku ya mvua ya kwanza akasikia matairi kwenye kokoto.

"Sikulaumu kwa kulifuata," akasema. "Nilikuwa nalilisha vizuri."

"Na leo umembonyezea mwanangu mgonjwa! Umemnyakua barabarani amelala!"

Kisha akaenda dirishani akaniletea simu. Kioo kimefunikwa na ukungu kwa ndani, maji yanacheza ukiitikisa.

"Ilitumbukia kwenye ndoo Jumapili nikiosha gari. Haijawaka tangu hapo. Jana halikuja, nikasema basi, limekwisha. Leo sikubonyeza kitu, mwenzangu. Nilikuwa nimekaa hapo mlangoni. Limekuja lenyewe, na yeye ndani."

Mvua ilipiga juu ya bati.

Muuguzi wa zahanati ya kilimani alikuwa ameshafika kabla yangu. Yule mama alikimbia kumwita kwa miguu, na umri ule, kwenye matope yale. Malaria imepanda kichwani, kashamchoma sindano, atarudi na nyingine. Aliniambia pembeni kuwa kama angeachwa amelala ndani ya gari mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza mengine.

Nimelala sakafuni kando ya kitanda kile kirefu, nimeshika mguu wa mwanangu. Yule mama kashika mkono.

Jumatano, 10 Aprili

Alfajiri amefumbua macho. Ametutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja mdomo ule ufunguke.

"Mama," akasema, akinitazama mimi, "mikate ya leo kaoka nani?"

Nikalia kama mtoto. Yule mama akatoka kwenda kumwaga maji, akakaa nje muda mrefu mno kwa maji ya bakuli moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Tupo nyumbani. Anakunywa supu. Nimeichomoa ile betri ndogo ya gari, na nyuma yake nimeweka magunia manne ya unga lisitoke.

Jumatatu, 15 Aprili

Fundi wa programu amekuja kutoka dukani. Nimelipa ile ada, yote, bila kuomba apunguze, mpaka akaniuliza kama naumwa. Karudisha betri, kachomeka kompyuta yake. Anasema ni jambo dogo: simu ya mwenye gari wa kwanza haikufutwa, na gari limeitwa saa ile ile kwa muda mrefu, limejifunza ratiba.

"Na Jumatatu ile halikwenda, kwa nini?" nikamuuliza. "Lilizoea Jumanne tu?"

Akatazama skrini. Akasema hilo atalitafuta.

"Lilijuaje kuwa Jumanne kuna mgonjwa?"

"Gari halijui mgonjwa, mama."

Saa saba ilimkuta bado amekaa kwenye usukani, na kiti kikaanza kurudi nyuma naye juu yake. Aliruka nje, miwani ikabaki ndani. Binti yangu ndiye aliyekwenda kumchukulia.

Aliporudi kwenye kompyuta akanionyesha kitufe. Akibonyeza, linasahau yote: njia, saa, kiti, kilimani. Nikamtazama Nusu kibarazani, amejifunika shuka, mwembamba. Nilidhani atafurahi.

"Mama, usifute," akasema.

"Limekuchukua!"

"Limenipeleka kwa mtu." Akajivutia shuka. "Nilipokuwa na homa niliota miguu yangu ni mirefu. Nilikuwa natembea, mama, hatua moja nyumba nzima. Nilijua kila mlango wa nyumba ile. Nilijua taa ya jikoni inawashwa wapi."

"Hukuwahi kufika jikoni. Ulibebwa umelala."

"Ndiyo," akasema. "Swichi iko nyuma ya mlango."

Sikumwuliza zaidi. Nikamwambia fundi arudi Jumatatu ijayo, ajiandae kufuta, na asije saa saba.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepanda kilimani kwa pikipiki, nimevaa vizuri, mkononi mikate miwili. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kukata mzizi: gari ni letu, mwana ni wangu, asante kwa wema, basi. Akanikaribisha jikoni. Kabla hajawasha taa niliangalia nyuma ya mlango. Swichi ipo hapo.

Maneno yangu yote yakayeyuka. Nikamwambia ukweli, kwamba gari litafutwa Jumatatu na halitakuja tena. Hakulia. Aliuliza tu, "Litaumia?"

Nikamwambia hapana, dada.

"Na huyu kijana, akiitwa Twiga, bado anaitika?"

Nimekuwa nikimwita hivyo, wajukuu zangu. Akiwa amelala, kwa sauti ya chini, mlangoni kwake. Siri yangu hiyo. Jana ameitika.

Nikamwambia, "Njoo umwone mwenyewe. Usikae huku peke yako unangoja matairi. Kwangu kuna watu, kuna moto wa tanuri, kuna kelele. Uje ule nasi, na ukipenda kulala, vyumba vipo."

"Nitakujaje?"

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo njiani. Nitayaondoa magunia, gari litamfuata lenyewe, safari yake ya mwisho kwa akili yake ile ya zamani. Nusu hatalipanda. Nusu atakaa mezani mbele ya macho yangu mpaka litakaporudi, na likirudi tutajua limemleta nani.

Yule mama akainuka kwenda kutoa shati la kiume kabatini, akaanza kulipiga pasi. Mikono yake ilikuwa mirefu kama ya lile sweta.

Nimemwambia fundi cherehani aje kula nasi, na nimemwomba kwa upole mpaka akaogopa. Nimemwambia dereva wa pikipiki, muuguzi, kaka zangu wote wawili na wake zao, na majirani wa pande zote. Binti yangu anaazima viti, nimemwambia aazime kwa hesabu ya watu kamili, kisizidi hata kimoja, maana sitaki kiti kitupu mezani kwangu siku hiyo. Jumapili, tarehe 21, saa saba mchana. Waje wote, na wasichelewe.